Ofisi Isiyongoja Hodi

Mwanafunzi anayeshindwa chuoni hashindwi siku ya mtihani. Huanza kushindwa wiki nyingi kabla: chumbani asikopata usingizi, kwenye kafeteria anakopita mbali kwa sababu hana cha kulipia, au katika korido ya jengo la utawala, asijue mlango upi atasikilizwa na upi atafokewa. Nimeliona jambo hili kutoka pande mbili. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikoingia mwaka 2008 kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Baadaye nikawa mshauri wa wanafunzi katika chuo cha mkoani ambacho sitakitaja, kwa kuwa walionijia pale walinijia kwa imani kwamba habari zao hazitatoka nje. Kote kuwili mambo yalikuwa yale yale: mwenye shida kubwa kuliko wenzake ndiye aliyekuwa wa mwisho kuomba msaada, na mara nyingi hakuomba kabisa.

Nilitoka Mbinga kwa basi, nikapita Songea, Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro hadi Ubungo, ambako siku hizo ndiko kulikokuwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Nilifika nimechelewa. Baba alikuwa amelazwa, na sikuweza kuondoka hadi hali yake ilipotulia. Wenzangu wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshamaliza wiki ya maelekezo. Walikuwa wameonyeshwa maktaba, kituo cha afya na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wamejua Ukumbi wa Nkrumah uko wapi na madarasa ya Yombo yako wapi. Mimi nilishuka kwenye daladala pale Utawala na begi langu, nikawaona vijana wakipishana kwa haraka, kila mmoja akijua aendako.

Aliyenipokea hakuwa ofisa. Alikuwa dada wa mwaka wa tatu, mwanachama wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kikristo, aliyepewa namba yangu na jirani yetu wa nyumbani. Neno lake la kwanza halikuhusu usajili.

"Karibu mdogo wangu. Umekula?"

Nilipomjibu kwamba nilikula Morogoro, akacheka, akanipeleka kwanza kula. Siku zilizofuata alinitembeza kila mahali: benki kulipa, kituo cha afya na fomu ya uchunguzi, dirisha la kukabidhi nakala za vyeti, foleni ya kitambulisho, ubao wa matangazo wa kitivo, steshenari iliyotoa kopi kwa bei nafuu. Alinifundisha pia yale yasiyoandikwa popote: somo gani lina mwalimu anayechukua mahudhurio, saa ngapi ufike maktaba ili upate kiti, na ofisi ipi ukienda asubuhi unahudumiwa lakini ukienda mchana unaambiwa urudi kesho.

Vyama vya wanafunzi vimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na havijasifiwa vya kutosha. UKWATA, TYCS na TAFES kwa Wakristo, MSAUD kwa Waislamu wa Mlimani, vikundi vya waliotoka mkoa mmoja au sekondari moja: hao ndio huwapokea wageni vituoni, huwatafutia pa kulala, huchanga mmoja wao anapofiwa. Nilipokuja kuwa mshauri niligundua upande mwingine wa sifa hiyo. Mwanafunzi asiye na chama, asiye na mtu wa kwao, asiyeswali wala kusali na wenzake, hapokelewi na yeyote. Chuo kikiachia mapokezi mikononi mwa ukarimu wa wanafunzi, kimewaacha nje wale wasiojulikana na mtu. Tangu hapo kila mwaka mpya ulipoanza niliomba orodha ya waliochelewa kuripoti. Aliyechelewa karibu kila mara amechelewa kwa sababu: ada haijatimia, mzazi anaumwa, kijiji kiko mbali na barabara. Ndiye mwenye haja zaidi ya maelekezo, na ndiye hukuta maelekezo yamekwisha.

Zamani hayakuwa hivyo, na kuna sababu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilianzia katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza, wote wa sheria, hawakufika 20. Katika darasa la namna hiyo mwalimu huona mara moja kiti kilicho kitupu. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa muda mrefu serikali ndiyo iliyogharamia masomo, kitanda na chakula, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokuja sera ya kuchangia gharama. Idadi iliongezeka, milango ikafunguka kwa watoto wa wakulima kama mimi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kile kiti kitupu hakikuonekana tena. Katika somo la Maendeleo, ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kulisoma, tulijaa mamia ndani ya ukumbi mmoja, na wengine wakasikiliza wamesimama dirishani. Mmoja akikosa wiki nzima, nani angejua?

Nilipofika, vyumba vilikuwa vimeshagawiwa. Dada yule akanibeba. Kubebana ndiyo njia waliyoijua wanafunzi wa Mlimani kwa vizazi vingi: mwenye kitanda humkaribisha asiye nacho, wakalala mzungu wa nne, na jina la mgeni halimo kwenye daftari la bweni. Chumba cha wawili kikawa cha wanne. Tuliamka alfajiri kuwahi maji, tukapeana zamu ya meza ya kusomea, tukajifunza kusoma wenzetu wakiwa wamelala na taa kufunikwa kwa kanga. Muhula wa pili nilipata nafasi katika hosteli ya Mabibo, lakini nikiulizwa ni wapi nilipojifunza kuwa mwanachuo, ninakumbuka kile chumba cha kubebwa.

Ninajua kubebana kuna gharama zake. Vyoo huzidiwa, magonjwa huambukizana, na anayebebwa huishi kwa wasiwasi wa kutolewa. Ndiyo maana tulifurahi, sisi tuliokwisha kuhitimu, Aprili 2017 zilipozinduliwa hosteli za Magufuli pale Mlimani, majengo 20 yaliyokusudiwa kulaza wanafunzi 3,840. Kitanda chenye jina lako hukupa utulivu ambao ukarimu wa mwenzako, hata uwe mkubwa vipi, hauwezi kukupa. Hata hivyo chumba kile kilinipa kitu kimoja ambacho jengo peke yake halikitoi. Nilipoumwa malaria, watu watatu walijua kabla ya mimi kujua. Walinipeleka kituo cha afya, wakanipigia kopi za madesa ya vipindi nilivyokosa, wakamwarifu mwakilishi wa darasa.

Mwanafunzi anayeishi geto, chumba cha kupanga Changanyikeni, Makongo, Msewe au mtaa wowote unaozunguka chuo chochote nchini, anaweza kuumwa siku nyingi na asijulikane. Katika miaka yangu ya ushauri wengi wa waliofikishwa kwangu hali ikiwa mbaya sana walikuwa wa mageto. Bweni lina mlezi, lina mlinzi, lina majirani. Geto lina mwenye nyumba anayeulizia kodi. Chuo kinachohesabu kwamba wajibu wake wa malezi unaishia getini kimewaacha wanafunzi wake wengi kuliko kinavyodhani, kwa sababu katika vyuo vyetu wengi siku hizi wanalala nje ya geti hilo.

Sasa niseme habari za pesa, maana ndizo zilizoleta watu wengi ofisini kwangu, ingawa wachache walianza kwa kuzitaja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Bila mkopo huo nisingesoma. Ninalisema kwa shukrani. Wakati wangu fedha za chakula na malazi, bumu kama tulivyoiita, zilikuwa shilingi 5,000 kwa siku. Mwaka 2011 zikapanda hadi 7,500, mwaka 2015 hadi 8,500, na mwaka 2022 hadi 10,000. Hulipwa kwa mkupuo, na mkupuo una tabia yake. Siku za kusaini, foleni ilizunguka jengo, na jioni yake vibanda vya chipsi kuku vilijaa. Wiki za mwisho kabla ya mkupuo mwingine, wengi tulikuwa tumerudi kwenye ugali na maharage mara moja kwa siku, mlo wenyewe ukicheleweshwa hadi saa kumi ili ushike na usiku.

Watu wazima wakiona hivyo husema vijana hawajui kupanga matumizi, huandaa semina, huleta mtu wa benki. Semina hizo nimezisimamia mimi mwenyewe na zina faida. Lakini nilijifunza kuuliza swali moja kabla ya ushauri wowote: "Mwanangu, nani mwingine anakula hela hii?" Majibu yalikuja polepole, macho yakiwa chini. Ada ya mdogo wake aliye kidato cha tatu. Dawa za bibi. Mabati ya nyumba iliyoezuliwa na upepo. Mimi nami nilituma Mbinga sehemu ya bumu langu kila lilipotoka, kwa ajili ya dawa za baba, na hapakuwa na fomu yoyote yenye nafasi ya kulieleza hilo. Kijijini mtoto aliye chuo kikuu huhesabiwa ameshafika, ana hela za serikali. Kumbe mkopo uliopigiwa hesabu ya mtu mmoja unalisha watu sita. Mwanafunzi huyo hana tatizo la kupanga. Amepanga vizuri sana, na katika mpango wake aliyekatwa chakula ni yeye. Ukimwelewa hivyo, msaada unabadilika. Utamtafutia kazi ndogo ya maktaba, utazungumza na halmashauri yake kuhusu ada ya mdogo wake, utamweleza utaratibu wa kukata rufaa ya mkopo. Hotuba juu ya nidhamu ya fedha itamfanya asirudi.

Kwa muda wote niliokuwa Mlimani, msaada ulionifundisha zaidi haukuwa nilioupokea, ulikuwa niliouona ukifanya kazi. Darasani kwetu kulikuwa na kijana asiyeona. Chuo kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, nami nikajitolea kuwa miongoni mwa wasomaji wake. Nilimsomea vitabu vya historia vilivyokuwa havijaandikwa kwa nukta nundu, yeye akiandika kwa mashine ya Perkins, ile nzito ya chuma yenye vitufe sita vya nukta, ambayo mlio wake ulisikika korido nzima. Mara kwa mara alinisimamisha. "Rudia hapo dada. Hayo ni maneno ya mwandishi, au anamnukuu mtu?" Nilikuwa nimeshasoma kitabu kile peke yangu na sikuwa nimejiuliza hivyo. Nilijifunza historia kwa masikio yake.

Nilichokiona katika kitengo kile kilinikaa. Wahudumu walimjua kwa jina kabla hajafika. Walikuwa na ratiba yake. Waliwafuata wahadhiri mapema kuomba makala ili zigeuzwe kuwa nukta nundu, na kabla ya mitihani walihakikisha maswali yako tayari, chumba kiko tayari, na muda wa nyongeza umeandikwa. Hakuna siku aliyolazimika kwenda kueleza upya kwamba haoni. Msaada ulimtangulia.

Baadaye, nikiwa upande wa pili wa meza, niliuliza kwa nini wengine hawapati msaada wa namna hiyo. Jibu ni kwamba upofu ulionekana kwenye fomu ya kujiunga, na ofisi ikajipanga. Njaa haionekani kwenye fomu. Msiba hauonekani. Hofu ya kurudi nyumbani bila cheti haionekani. Kwa hayo ofisi zetu hungoja hodi, na mwenye hofu ndiye mtu asiyeweza kupiga hodi.

Kuna hofu moja ambayo wanafunzi wa kike wanaijua zaidi. Dada waliotutangulia walitusimulia habari za mwaka 1990. Wakati ule Mlimani kulikuwa na maandishi ya siri yaliyobandikwa kutani kwa jina la Mzee Punch, yaliyoanza kama kejeli ya siasa na baadaye yakawa silaha ya kuwadhalilisha wasichana. Februari ya mwaka ule mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kunyanyaswa kijinsia, alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilipaza sauti, na taifa likalazimika kuzungumza jambo ambalo lilikuwa limefunikwa. Tulisimuliwa habari ile ili tusitembee peke yetu usiku, lakini nilichokisikia mimi ndani yake ni kwamba binti yule hakuwa peke yake kwa maana ya kukosa watu. Alizungukwa na watu. Alichokosa ni mahali pa kupeleka neno lake likafanyiwa kazi.

Mengi yamebadilika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na miaka ya karibuni madawati ya jinsia yamefunguliwa vyuoni. Lakini dawati ni meza tu mpaka awepo mtu anayeaminika. Binti hakuja kwangu akasema, "Mwalimu fulani ananitaka." Alikuja akasema kichwa kinamuuma, au anataka kubadili kozi, au anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Anayesikiliza neno la kwanza tu atampa dawa ya kichwa. Nilijifunza kuacha kimya kikae, kumpa maji, kumuuliza habari za nyumbani, na kutomkatiza neno lilipoanza kutoka. Na likishatoka, niliandika mara moja, kwa maneno yake, akasoma na kuweka saini, ili asilazimishwe kulisimulia tena kwa kila ofisa atakayefuata. Wengi huacha malalamiko njiani kwa sababu wamechoka kuvuliwa heshima upya katika kila ofisi.

Katika habari zote za miaka yangu ya ushauri, iliyonifundisha zaidi ni ya kijana mmoja wa mwaka wa pili. Mwakilishi wa darasa lake aliingia ofisini akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Kuna mwenzetu hatumwoni. Simu hapokei."

"Marahaba. Anakaa wapi?"

"Geto, nyuma ya soko. Napajua."

Tulikwenda wote. Tulimkuta amelala mchana, kwa kuwa usiku alikuwa akipakua mizigo ya malori sokoni. Mama yake alikuwa amefariki, wadogo zake walikuwa kwa jirani, na yeye alikuwa ameacha kuja darasani ili apate cha kuwatumia. Alikuwa amekosa majaribio yote. Nilipomuuliza anangoja nini, alinijibu kwa upole, kama mtu ambaye ameshakubali: "Nangoja kudisko, mama. Matokeo yakitoka nitaondoka."

Alijua kila kitu kuhusu kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Alijua sapu, mtihani wa marudio, ni nini; kukeri, kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata, ni nini; na wastani wa ngapi unakutoa chuoni. Hakujua kwamba mwenye msiba au ugonjwa anaweza kuomba kuahirisha masomo na kurudi mwaka unaofuata palepale alipoachia. Hakujua kwamba aliyekosa mtihani kwa sababu inayothibitika anaweza kupewa mtihani maalumu, unaohesabiwa kama wa kwanza na si kama sapu. Kanuni hizo zimo kwenye kitabu cha chuo, kwa Kiingereza kizito cha kisheria, ukurasa ambao hakuna anayeufungua akiwa na furaha, na anayeuhitaji hana utulivu wa kuusoma. Tuliandika barua. Tukapata cheti cha kifo na barua ya serikali ya kijiji, tukapeleka kwenye idara, tukafuatilia hadi kikao kilipokaa. Alipewa mwaka. Akapanga mambo ya wadogo zake na mjomba wao, akarudi, akahitimu.

Ninapomkumbuka nafikiria jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi. Halikuhitaji fedha ya chuo wala jengo jipya. Lilihitaji mwenzake mmoja aliyejali, mtu wa ofisini aliyekubali kutembea hadi nyuma ya soko, na kanuni ambayo tayari ilikuwepo. Bila hayo angeondoka, na katika takwimu za chuo angeandikwa kuwa amejiondoa mwenyewe.

Baada ya hapo tulibadili namna ya kufanya kazi. Tuliwaomba wawakilishi wa madarasa watuletee jina la yeyote asiyeonekana wiki nzima, tukawaeleza wenzao wazi kwamba lengo ni kumtafuta na siyo kumshtaki. Tuliacha kubandika majina kwenye ubao wa matangazo kwa maneno ya "wafuatao wafike ofisini haraka", kwa kuwa mwenye hofu akiona jina lake pale hukimbia. Tukamtuma rafiki yake amwite. Tuliwasogelea pia watu ambao hakuna chuo kinachowaweka kwenye orodha ya huduma zake. Mama lishe wa getini, mwenye daftari la madeni, alijua mengi kuliko mafaili yangu. Siku moja alinishika mkono nikipita: "Mwalimu, yule mwanangu mrefu wa sayansi siku hizi anakunywa uji tu, na haongei." Nilimwita kijana huyo siku ileile. Fundi wa steshenari, mlinzi wa usiku, mhudumu wa maktaba anayefunga milango, wote hao huona kabla ya ofisi kuona. Wanachohitaji ni kujua wamwambie nani, na kuamini kwamba wakisema mwanafunzi hatadhurika.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa afya ya akili. Kadi ya bima, ambayo mwanafunzi huichangia shilingi 50,400 kwa mwaka, humfungulia mlango wa hospitali, lakini haimwondolei aibu. Ukimwambia akamwone daktari wa afya ya akili, anafikiria hospitali ya Mirembe ya Dodoma, na jina hilo alilikuta mtaani likitumika kutukania watu. Wengi walikubali kwa mdomo, wasiende. Nilichogundua ni kwamba walikwenda nilipowasindikiza. Tuliketi pamoja kwenye benchi la hospitali, tukangoja pamoja, na mara ya pili wakaenda wenyewe. Kuandika barua ya rufaa huchukua dakika, kusindikiza huchukua asubuhi nzima, na ofisa mwenye wanafunzi maelfu hawezi kumsindikiza kila mmoja. Ndiyo sababu ninasema washauri waongezwe, na wahadhiri wapewe vikundi vidogo vya kulea, kila mmoja na majina yake machache anayoyajua kwa sura.

Yapo mengine ambayo chuo chochote kinaweza kuyaanza muhula ujao. Wiki ya maelekezo irudiwe katikati ya muhula, wakati maswali ya kweli yameshazaliwa, na waliochelewa kuripoti wapewe ya kwao. Kanuni za kuahirisha masomo, mtihani maalumu, rufaa ya matokeo na rufaa ya mkopo ziandikwe kwa Kiswahili chepesi katika karatasi moja, zibandikwe mabwenini na kwenye vibanda vya chakula. Wanaoishi mageto wawe na mlezi wao kama walivyo na mlezi walio bwenini. Na ofisi ya ushauri ihamishwe kutoka karibu na ofisi ya nidhamu, maana hakuna atakayekuja kulia mbele ya mlango ambao wenzake hufukuziwa.

Kwa mzazi: mwanao akikupigia akasema yuko salama, muulize amekula nini leo na analala na nani chumbani. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia zaidi kuliko matokeo ya muhula. Na kabla ya kumwomba hela, kumbuka hesabu ya bumu ilipigwa kwa tumbo moja.

Kwa mwanafunzi anayeanza: nenda kamsalimie mshauri wako ungali huna shida. Mjue sura, akujue jina. Jiunge na watu, wa dini yako, wa mkoa wako, wa mchezo uupendao, ili pawe na mtu atakayegundua usipotokea. Na jirani yako akikosa vipindi, usiseme hayakuhusu. Kila niliyemwona akiokoka, aliokolewa kwanza na mwenzake aliyepiga hatua kwenda kuuliza.

Na kwetu tuliopewa dhamana hii, wajibu hauishii kwenye kukaa ofisini saa za kazi mlango ukiwa wazi. Chuo kimepokea ada ya mtoto wa mtu, kimempa namba ya usajili, kimemwandika kwenye daftari. Siku asipoonekana, kimtafute.